Chujio Nililokataa Kukuchagulia

Fort Worth, Ijumaa mchana

Nadine mwanangu,

Nimekaa mezani jikoni. Wewe umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, baba yako yuko nje anapima upepo wa matairi kwa mara ya tatu. Kesho asubuhi anakupeleka Houston kuanza chuo. Najua Kiswahili cha kuandikwa unakisoma polepole, unafuatisha kwa kidole. Soma hivyo hivyo, hakuna anayekukimbiza.

Sitaandika habari za kula, kusali wala kufunga mlango. Hayo nimeyasema tangu Juni, mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Naandika kwa sababu ya jana. Tulikuwa dukani, mbele ya rafu ya machujio ya maji. Ulishika jagi moja mkono huu na jingine mkono ule, ukaniuliza, "Mama, tuchukue lipi?" Nikakwambia chagua mwenyewe, nikasukuma kitoroli nikaenda kusimama kwenye sabuni. Uliponifuata hukuwa na kitu mkononi. Njia nzima tuliongea habari za mashuka.

Mimi niliyeuza mashine za kuchuja maji karibu miaka miwili nilishindwa kumchagulia binti yangu jagi. Uliniuliza swali la kawaida na ulistahili jibu. Nitakujibu, ila jibu lenyewe liko mbali kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Unamkumbuka Deo, yule Mtanzania aliyekuwa akitoka Plano na suti yake hata Jumamosi ya joto. Baada ya misa alinisalimia kwa jina, akaniomba dakika ishirini nyumbani. "Dada, sikuuzii kitu," alisema. "Nataka tu uone unachomnywesha binti yako."

Alikuja akaweka glasi mbili mezani, hapa hapa ninapoandikia. Moja aliijaza maji ya bomba letu, nyingine maji ya kwenye chupa aliyokuja nayo. Kisha akatoa kidude chenye vyuma vinavyoning'inia, akakichomeka kwenye umeme, akavitumbukiza vyuma ndani ya glasi zote mbili. Glasi ya bomba ikaanza kugeuka njano. Baadaye ikawa kahawia, ina povu juu kama maji ya mtaroni. Ile nyingine ikabaki nyeupe.

"Haya ndiyo mliyokunywa leo asubuhi," akasema.

Baba yako alikuwa ametoka zamu ghalani, amesimama mlangoni na viatu vyake. "Maji haya nakunywa mwaka wa tano," alisema. "Mbona niko hai?"

Deo akamtabasamia. "Kaka, sumu nyingine haina haraka."

Mimi sikuwa nasikiliza tena. Nilikuwa naiangalia ile glasi na kumwona kaka yako, yule aliyekutangulia, aliyefia kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma kabla hujazaliwa. Nikamsimulia Deo habari zake palepale, mtu nisiyemjua, na nikasaini kabla hajamaliza soda yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba sheria ya hapa inampa mtu siku tatu za kughairi mkataba wa namna ile, uliosainiwa nyumbani kwake. Maelezo yalikuwepo kwenye ukurasa wa mwisho. Sikuyasoma. Nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa hasomi.

Kama unataka ushauri wa kwanza, ni huo. Akija mtu mlangoni kwako Houston akakutisha kisha akakupa kalamu, mwambie arudi wiki ijayo. Mwenye kitu kizuri atarudi.

Wiki iliyofuata Deo alinipigia simu. Alisema watu wetu hawamwamini mtu wa suti, ila mimi wataniamini. Wanawake wa jumuiya wananijua. Nilikuwa nimechoka na kufua mashuka ya hoteli, na sitakudanganya, nilipenda kuitwa mtu wa kuaminiwa. Nikapewa begi lenye glasi, chupa na vile vyuma.

Nyumba ya kwanza nilianza na mashine. Hawakunisikiliza. Mwishoni, kwa kukata tamaa, nikawasimulia kaka yako. Nililia kweli siku ile, nao wakalia, na wakachukua mashine. Tulipotoka, Deo alinifungulia mlango wa gari. "Mama Nadine," akasema, "usianze tena na mashine. Anza na mtoto."

Nikaanza na mtoto. Arlington, Garland, hapa Fort Worth. "Mwanangu wa kwanza aliuawa na maji machafu," nilikuwa nasema. "Nilimnywesha kwa mkono wangu huu." Nikajua mahali pa kunyamaza. Nikajua nikifika pale mtoto anapoomba maji, nishike glasi lakini nisiinue. Siku moja Garland nilimaliza kusimulia, mwenye nyumba anajifuta macho kwa kanga, na mimi nikajikuta naangalia pazia lake, nafikiri kama tutawahi kufika nyumba ya pili kabla ya foleni ya magari. Hapo ndipo nilipojua kwamba kitu kimeisha. Nilitafuta ndani, kama unavyopapasa mfukoni kutafuta ufunguo. Hakukuwa na kitu. Sikushtuka hata kidogo. Nikakunja waya wa kile kidude nikaweka kwenye begi.

Sasa nifike kwenye siku yako.

Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulitoka shule ukanikuta nimepanga vitu kwa ajili ya Jumamosi. Ukachukua glasi, ukaijaza maji ya ile chupa ya Deo, yale tuliyoyaita safi. Nikakuuliza unafanya nini. "Mama, just watch," ukasema. Ukachota chumvi kidogo kwa kijiko cha chai, ukakoroga, ukatumbukiza vyuma vya Deo. Yakageuka kahawia, mabaya kuliko ya bomba.

"Uchafu unatoka kwenye vyuma vyenyewe, Mama," ulisema. "Maji ya bomba yana madini, yanapitisha umeme, ndiyo maana vyuma vinalika. Haya ya chupa hayana kitu, hayapitishi mpaka utie chumvi. Haimaanishi maji ni sumu. It's a trick."

Ulisema taratibu, hukunicheka. Ulikuwa unanisaidia. Na mimi nikachukua glasi nikaimwaga kwenye sinki, nikakwambia, "Wewe unajua nini kuhusu watoto waliokufa?"

Ukaingia chumbani kwako. Hatujalizungumza mpaka leo.

Nadhani miaka hii umeamini kwamba sikukuelewa. Nilikuelewa siku ile ile, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilivisugua vile vyuma, nikavikausha kwa taulo, nikavirudisha kwenye begi, na Jumamosi nikaenda navyo. Ningekuwa sijui, ningesema nilidanganywa na Deo. Kuanzia siku ile sikudanganywa na mtu.

Mwaka huo huo Houston ikapata mafuriko. Deo akasema tuwahi. Tulifika kwenye mitaa ambayo watu walikuwa wametoa makochi, magodoro na kuta za ndani, vyote vimerundikwa mbele ya nyumba vinanuka. Watu walikuwa wameambiwa wachemshe maji mpaka watakapotangaziwa. Tuliingia kwa baba mmoja Mkongomani, sakafu imeng'olewa, tumekaa juu ya ndoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mama, tukichemsha, haitoshi?"

Kwa kile alichoambiwa na jiji, ilikuwa inatosha. Nikamwambia haitoshi. Nikamsimulia mtoto.

Nakwenda haraka hapa kwa sababu sina la kuongeza. Sikuhisi aibu wakati ule. Nilihisi joto, na viatu vyangu vilikuwa vimeloana.

Halafu kuna Ansila. Unamjua kama yule mama anayekaa benchi la nyuma yetu kanisani, mwenye binti mdogo, Kevine. Hujui kwa nini haji tena nyumbani. Walipanga nyumba ya zamani sana, ya mbao, upande ule wa reli. Mashine yao niliwauzia mimi peke yangu, Deo hakuwepo. Ansila alilia kuliko wote. Alinishika mkono akakataa kuuachia.

Miezi michache baadaye alinipigia. "Dada, nimepata barua ya watu wa maji. Wanasema nyumba za zamani zina mabomba ya zamani, wanataka kuja kuangalia. Bure. Niwaite?"

Nilikuwa kazini, mashine za kufulia zinapiga kelele. Nikamwambia, "Una mashine, inatoa kila kitu. Wa nini tena hao?"

Akaitupa barua.

Mwaka uliofuata Kevine alipimwa damu kliniki, kipimo cha kawaida cha watoto. Wakakuta risasi. Siyo ya bunduki, ile metali ya mabomba na rangi za zamani, inayoingia mwilini bila ladha wala harufu. Muuguzi alimuuliza Ansila kama wana chujio. Akajibu ndiyo, kwa fahari, akaleta makaratasi ya mashine. Muuguzi akasoma ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwa inatoa klorini na chokaa. Risasi haikutajwa popote. Deo nilimpigia siku hiyo. Namba ilikuwa haipatikani.

Ansila alikuja hapa asubuhi moja, wewe uko shule. Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kiti hicho karibu na friji, mkoba mapajani.

"Siku ile ulipotuhadithia mwanao," alisema, "nililia. Nikaenda nikalia na nyumbani. Nilimwombea wiki nzima. Sasa nimekuja, dada. Nataka unirudishie yale machozi."

Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Alisimama, akaondoka. Nilikwenda kazini mchana wake. Nilikunja mashuka, pembe kwa pembe, kama kawaida, nikisubiri kitu kije. Nilidhani kitanikuta kwenye gari, au kitandani. Hakikuja. Nikafikiri labda Jumapili, kwenye kukomunika. Hakikuja.

Nilirudisha begi ofisini kwao Plano, nikamwachia msichana wa mapokezi. Kisha nikaanza kurudi kwenye zile nyumba. Baba yako ndiye aliyeniendesha, na ndiyo maana mwaka jana Jumapili nyingi hatukuwepo, tukakwambia tunatembelea wagonjwa. Nilikuwa nagonga, nasema mambo matatu. Kwamba rangi ya kahawia ilitoka kwenye vyuma. Kwamba mashine haitoi kila kitu. Kwamba nilijua. Mama mmoja Garland alifunga mlango nikiwa katika la pili. Wengi walisema walishajua, walinyamaza ili wasiniaibishe. Yule baba wa Houston alinisikiliza tena mpaka mwisho, kama mara ya kwanza. "Ni sawa, mama," akasema. "Kwa ile mashine chai inatoka vizuri."

Kwa Ansila nilikwenda simu iko mkononi, na namba ya watu wa maji. Alikuwa ameshawapigia mwenyewe. Wameshabadilisha bomba, mwenye nyumba amekwangua rangi, na risasi kwenye damu ya Kevine imeshuka. Ila anachelewa kusema. Inaweza kuwa risasi, inaweza kuwa ndivyo alivyo. Madaktari wanamwambia asubiri. Kwenye kupeana amani Ansila ananipa mkono. Jina langu halitaji.

Sasa jagi lako.

Kabla hujanunua chochote, jua kwanza unataka kutoa nini. Jiji linatoa taarifa ya maji kila mwaka. Itafute mtandaoni, wewe unaisoma vizuri kuliko mimi. Hiyo inakwambia maji yanavyotoka kwao. Yanavyofika kwako ni habari ya mabomba ya jengo, kwa hiyo muulize mwenye jengo limejengwa lini. Kama ni la zamani au kama hajui, peleka maji maabara. Asiyeuza machujio ndiye akupimie. Anayeuza hawezi kukuta maji mazuri.

Ukishajua, geuza boksi usome nyuma. Mbele wanaandika wanachotaka. Nyuma ndipo panapoandikwa chujio limepimwa kutoa nini, kitu kwa kitu, na lazima kuwe na alama ya wapimaji wasio wa kampuni ile. Usiposoma neno "risasi", halitoi risasi, hata wakisema linatoa asilimia ngapi ya uchafu. Yale majagi mawili ya jana yalifanana, lakini moja ni la kuondoa ladha ya klorini tu. Lile la mkono wako wa kushoto ndilo lililokuwa na orodha ndefu. Niliona. Nilisoma kwa mbali nikiwa kwenye sabuni.

Angalia bei ya filta za kubadilisha kabla ya bei ya jagi, na ubadilishe kwa wakati. Filta iliyopitwa na muda ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Weupe utakaouona ndani ya birika ni chokaa, haikuui. Maji ya kunywa na kupikia chukua ya baridi, ya moto yanakokota vitu vya kwenye mabomba. Wakitangaza uchemshe, chemsha, na mtu akikwambia haitoshi muulize amekuja kuuza nini. Lakini risasi haichemki ikaondoka. Usifunge mashine chini ya sinki kwenye chumba cha kupanga. Na inawezekana ukapima ukakuta huhitaji chochote. Kunywa tu ya bomba. Hakuna aliyeniambia mimi kwamba hilo nalo ni jibu.

Nimebakiza jambo moja, halihusu machujio.

Umekua ukisikia kwamba kaka yako aliuawa na maji. Nimelisema mara nyingi mpaka likawa ndilo lililotokea. Nadine, hakuna aliyewahi kuniambia ni maji. Maji ya kambini yalitiwa dawa. Tulikuwa tunaisikia harufu yake kwenye ndoo. Kaka yako alipata homa Jumapili. Jumanne ilikuwa siku ya mgao, na ukiikosa foleni unakaa wiki mbili bila unga. Nikamwacha kwa jirani. Nilijua ana homa, nilimgusa shingo kabla sijatoka, nikajiambia nitampeleka zahanati nikirudi. Foleni ilikwenda mpaka alasiri. Nilirudi na unga kichwani na maharage mkononi, nikamwona jirani amesimama nje ya nyumba. Kwenye karatasi ya kifo waliandika "homa", basi.

Sijui kwa nini nilichagua maji. Nimefikiri sana mwaka huu, na nadhani ni kwa sababu maji hayakuwa mimi. Na maji yanaweza kununuliwa mashine. Ile foleni hakuna mashine yake.

Baba yako anajua nilikwenda kwenye mgao. Hajawahi kunilaumu, na hatujawahi kuongea.

Kwenye sebule za watu nilikuwa nasema "mwanangu wa kwanza". Deo aliniuliza mara moja mtoto aliitwa nani, akasema jina linasaidia. Nikamwambia silikumbuki. Ndicho kitu pekee ambacho sikukitoa kwenye begi. Lakini kwa kulificha huko nimelificha na kwako, na umefika miaka kumi na minane hulijui.

Aliitwa Severini. Alikuwa na miezi kumi na minne. Alikuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta wa udongo, na kila jioni viganja vyake vilikuwa vyekundu.

Nimesimamisha kalamu hapo kidogo. Nilipoirudisha nimeliandika jina lake tena, pembeni, bila kukusudia. Sijui kama ni kile nilichokuwa nakisubiri au ni uchovu tu.

Barabara ya kwenda Houston ni mwendo wa saa nne, na baba yako si mtu wa maneno. Hajalitamka jina hilo tangu tulipopanda ndege. Mkishavuka nusu ya njia, mtajie wewe.

Mama yako